Mtoto "Asiyetulia": Umakini, Mitandao ya Ubongo na Kazi Yetu Darasani



Msimu wa TP unakaribia. Tutaondoka hapa na maandalio ya somo, maazimio ya kazi, chaki za akiba na mashati ya kuazima, tukutane na madarasa ambayo wengine hatujawahi kuyaona. Na kila darasa utakaloingia, liwe la watoto arobaini au themanini, utamkuta mmoja ambaye ofisi ya walimu imeshambatiza: mtundu, mzembe, kichwa maji, "huyo usipoteze muda naye". Utaambiwa jina lake kabla hata hujaambiwa chumba cha darasa kiko wapi.

Makala hii inamhusu huyo. Swali ni moja tu: mtoto anaposhindwa kutulia na kufuata somo, ubongo wake unakuwa unafanya nini? Kwenye Saikolojia ya Elimu mada hii tunaipitia kwa slaidi tatu, inakuja UE kwa mtindo wa "taja dalili tano", tunaijaza, tunaisahau. Lakini kule shuleni haitakuja kama swali la alama tano. Itakuja kama mtoto aliyesimama mbele yako na mwalimu mwenzako anakunyooshea fimbo. Ukijua kidogo kinachoendelea kichwani mwa yule mtoto, uamuzi wako unaweza kuwa tofauti.

ADHD ni nini, na si nini

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto apate shida ya kudhibiti umakini, au shida ya kutulia na kujizuia, au vyote kwa pamoja. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka 2013, unaorodhesha dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto anatakiwa awe na dalili zisizopungua 6 katika kundi mojawapo, zidumu angalau miezi 6, baadhi ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira zaidi ya moja. Hilo la mwisho tulishike vizuri. Mtoto anayesumbua kwenye kipindi chako tu, lakini nyumbani na kwa walimu wengine yuko sawa, huenda tatizo ni kipindi chako.

Tafiti zikijumlishwa duniani, hali hii inakadiriwa kuwapata watoto kama 5 katika kila 100. Mkondo wa wanafunzi 80, piga hesabu mwenyewe: ni kama wanne. Wavulana ndio wanaotambuliwa zaidi, na sababu moja ni kwamba wasichana wengi wana ile aina ya kimya. Hawapandi juu ya dawati. Wanakaa tu dirishani, macho kwako, akili Kisarawe. Hao hakuna anayewaandika kwenye orodha ya wasumbufu, kwa hiyo hakuna anayewasaidia.

Kuna wanaosema haya ni magonjwa ya simu na katuni. Simu zina mambo yake, lakini daktari wa Kiskoti Alexander Crichton aliandika kuhusu watu wasioweza kushika jambo moja akilini mwaka 1798, na daktari wa watoto George Still aliwaeleza watoto wa namna hii katika mihadhara yake London mwaka 1902. Hakukuwa na TikTok. Wengine wanasema ni malezi mabaya. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya watu katika hali hii, takribani robo tatu, inahusiana na kurithi. Mama wa mtoto wa hivi mara nyingi ameshalaumiwa na mtaa mzima. Sisi tusiongeze.

Umakini si kitu kimoja

Tunaposema "kuwa makini!" tunafikiri tunaomba kitu kimoja. Michael Posner na Steven Petersen, katika andiko lao la 1990, waliugawa umakini katika kazi tatu. Ya kwanza ni kuwa macho: ubongo uko tayari kupokea. Ya pili ni kuelekeza: kuchagua sauti ya mwalimu kati ya sauti ya kengele, pikipiki ya nje na minong'ono ya nyuma. Ya tatu ni kudhibiti: kushikilia lengo na kuzuia jibu la haraka lisilotakiwa. Hiyo ya tatu ndiyo hasa inayotuhusu.

Ifanyie majaribio leo hosteli. Chukua kalamu nyekundu uandike neno KIJANI. Chukua ya bluu uandike NYEKUNDU. Andika maneno kama ishirini hivi, kisha mwambie roommate wako ataje rangi ya wino, sio neno lililoandikwa, tena haraka haraka. Atagugumia. Neno linajisoma lenyewe, na ubongo unatakiwa ulizuie ili utaje rangi. Jaribio hili lilichapishwa na J. Ridley Stroop mwaka 1935 na mpaka leo linatumika. Ule ugumu ulioupata ndio kazi ya udhibiti wa umakini. Sasa fikiria mtu ambaye breki hiyo kwake inashika leo, kesho haishiki.

Nimesema "leo, kesho" makusudi. Wanaowapima watoto wenye ADHD kwa majaribio ya kubonyeza kitufe wamekuta jambo moja linajirudia sana: mtoto si lazima awe mzito wakati wote, ila kasi yake haitabiriki. Anajibu haraka, haraka, haraka, halafu ghafla jibu moja linachelewa mno, kama mtu aliyetoka chumbani kidogo akarudi. Ndiyo maana mwalimu anasema, "Jana alifanya hesabu hizi hizi akapata zote, leo hataki tu." Huenda anataka. Kuyumba huko ndiyo hali yenyewe.

Kutoka sehemu za ubongo hadi mitandao

Zamani wataalamu walitafuta kasehemu kamoja ka ubongo kalikoharibika. Siku hizi wanaangalia zaidi mawasiliano kati ya sehemu. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva takribani bilioni 86, na hakuna kazi ya maana inayofanywa na kundi moja la seli likiwa peke yake.

Muunganiko uko wa namna mbili. Upo wa kimaumbile, yaani nyuzi zenyewe zinazotoka sehemu moja kwenda nyingine, kama barabara. Na upo wa kiutendaji: sehemu mbili zinapanda na kushuka kwa pamoja katika shughuli zao, kama maduka mawili yanayofungua na kufunga saa zilezile hata kama hujawahi kuona mwenye duka hili akiongea na mwenye duka lile. Ukiona hivyo mfululizo, unahisi wana biashara moja.

Huo wa kiutendaji unapimwa kwa mashine ya MRI. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka pale, na damu yenye oksijeni ina tabia tofauti mbele ya sumaku na ile isiyo nayo. Mashine inapiga picha kila baada ya sekunde moja hadi tatu hivi, kisha kompyuta inalinganisha: sehemu gani zinapanda na kushuka pamoja? Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake kule Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba hata mtu akilala tu bila kufanya lolote, sehemu za kushoto na kulia zinazoongoza mikono zinaendelea kwenda pamoja. Kumbe ubongo uliopumzika haujazimika.

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis walilipa jina jambo jingine. Kuna sehemu za ubongo, za katikati kwa mbele na katikati kwa nyuma, ambazo shughuli zake ziko juu mtu anapokuwa hana kazi maalumu, na hushuka akianza kazi ya nje. Ni sehemu zinazohusika unapowaza mambo yako: jana ilikuwaje, kesho itakuwaje, fulani alimaanisha nini na ile meseji. Tuuite mtandao wa mawazo ya ndani. Upande wa pili upo mtandao wa kazi, unaounganisha sehemu za mbele ya ubongo na za juu nyuma yake, unaokusaidia kushika lengo na kufanya hesabu. Na upo mtandao wa tatu, ambao kazi yake ni kutambua lipi la muhimu sasa hivi na kusaidia kubadilisha zamu kati ya hiyo miwili.

Fikiria makutano ya barabara. Barabara moja ni mawazo ya ndani, nyingine ni kazi ya nje. Trafiki yuko katikati. Akiruhusu upande mmoja, mwingine unasubiri. Mfumo ukiwa sawa, magari yanapita. Trafiki akichelewa kuinua mkono, pande zote mbili zinaingia makutano, na hapo hakuna anayefika.

Nadharia ya kuingiliana

Mwaka 2007 Edmund Sonuga-Barke na Francisco Xavier Castellanos walipendekeza kwamba kwa watu wenye ADHD kinachotokea kinafanana na hicho: mtandao wa mawazo ya ndani haushuki inavyotakiwa wakati wa kazi, unapenyeza, na kila unapopenyeza umakini unakatika. Hapo ndipo linapotokea lile jibu moja linalochelewa ghafla. Mtoto hajakataa somo. Barabara nyingine imeingia makutano.

Utafiti mmoja uliofuata naupenda kwa sababu unatugusa walimu moja kwa moja. Mwaka 2011 Elizabeth Liddle na wenzake wa Nottingham, Uingereza, waliwapima watoto wenye ADHD wakicheza mchezo wa kujizuia ndani ya MRI. Zawadi ilipokuwa ndogo, mtandao wa mawazo ya ndani wa watoto hawa haukushuka kama wa wenzao. Zawadi ilipokuwa kubwa, ulishuka. Walipotumia dawa yao ya methylphenidate, tofauti na wenzao haikuonekana. Walikuwa watoto wachache, kwa hiyo tusiujengee ghorofa, lakini unajibu lile swali ambalo kila mzazi anauliza: "Mbona kwenye gemu anakaa masaa matatu hatikisiki?" Gemu linalipa kila sekunde, lina rangi, lina sauti, ukikosea unajua papo hapo. Zoezi la kunakili ubaoni linalipa mwezi wa kumi na moja matokeo yakitoka. Trafiki wake anaamka kwa malipo ya karibu. Huo si unafiki wa mtoto.

Kuchelewa si kuharibika

Mwaka huohuo wa 2007, Philip Shaw na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walichapisha kazi iliyowafuata watoto 223 wenye ADHD na 223 wasio nayo, wakipima unene wa gamba la ubongo kadiri walivyokua. Gamba hilo hunenepa utotoni, hufika kilele, kisha huanza kupungua unene. Kwa watoto wasio na ADHD, umri wa kati wa kufika kilele ulikuwa miaka 7.5. Kwa wenye ADHD ulikuwa 10.5. Mpangilio wa ukuaji ulifanana, ila ulichelewa kama miaka 3, na ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi sehemu za mbele, zilezile za kujizuia na kupanga. Sehemu inayoongoza mwendo wa mwili ilitangulia kidogo.

Soma tena hiyo ya mwisho. Injini ya mwili imewahi, breki zimechelewa. Sasa huyo mtoto tunamweka kwenye benchi la mbao na wenzake watatu kwa dakika 80 za vipindi viwili mfululizo, halafu tunashangaa anatingisha miguu.

Ila tuwe waangalifu. Kusema ubongo umechelewa hakuna maana kwamba kila mtoto atapona akikua. Kwa wengi dalili za kurukaruka hupungua, lakini shida ya umakini na mpangilio huweza kubaki hadi utu uzima. Hata humu chuoni wapo.

Mambo ambayo picha za ubongo haziwezi

Hapa ndipo nataka tutulie, maana mtandaoni zimejaa picha za ubongo "wa ADHD" umepakwa nyekundu na "wa kawaida" umepakwa bluu, kana kwamba jambo limekwisha. Halijaisha.

Kwanza, kutikisika. MRI inataka utulie kabisa. Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake walionyesha kwamba hata kichwa kikisogea kidogo sana, matokeo yanabadilika: miunganiko ya sehemu za mbali inaonekana dhaifu na ya sehemu za karibu inaonekana imara kuliko ilivyo kweli. Sasa nani anasogea zaidi kwenye mashine? Mtoto mwenye ADHD. Kwa hiyo baadhi ya tofauti zilizoripotiwa zamani zinaweza kuwa tofauti za kutikisika, sio za ubongo. Watafiti wa sasa wanalazimika kuchuja sana kabla ya kutangaza jambo.

Pili, picha haitoshi kumtambua mtoto. Mwaka 2011 kulikuwa na shindano liitwalo ADHD-200, lililokusanya takwimu za mamia ya watoto kutoka vituo kadhaa, na timu zikashindana kutabiri nani ana ADHD kwa kutumia picha za MRI. Timu ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, iliyotumia taarifa za kawaida tu kama umri, jinsia, mkono anaoutumia na alama za akili, bila picha yoyote, ilipata usahihi mkubwa kuliko waliotumia picha. Na hata huo usahihi ulikuwa wa zaidi kidogo ya 60 kwa mia.

Tatu, tofauti zenyewe ni ndogo na ni za wastani wa kundi. Mwaka 2017 Martine Hoogman na wenzake walilinganisha picha za watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo, wakakuta sehemu kadhaa za ndani ya ubongo ni ndogo kidogo kwa wastani, hasa kwa watoto. Neno ni "kidogo". Ukichukua ubongo mmoja mkononi huwezi kusema ni wa nani. Na waliokusanya tafiti nyingi za muunganiko na kuzijumlisha hawakupata sehemu moja ambayo zote zinakubaliana. Kwa hiyo nadharia ya kuingiliana ni taa nzuri ya kutuongoza, lakini utambuzi unafanywa na mtaalamu anayezungumza na mzazi, mwalimu na mtoto. Akija mtu na mashine yake anataka laki tatu za mzazi ili "apige picha ya ADHD", mwambie mzazi abaki na hela yake.

Kabla hujasema "huyu ana ADHD"

Sisi walimu hatutoi utambuzi. Tunaona, tunaandika, tunampeleka mtoto kwa anayestahili. Tena kwa mazingira yetu kuna mambo mengi yanayofanana na ADHD, na mengine yanatibika kirahisi zaidi.

Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila chai, akatembea kilomita kadhaa, saa nne asubuhi hawezi kuwa na umakini. Hiyo ni njaa. Asiyesikia vizuri kwa sababu ya masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, au asiyeona ubao, ataonekana hajali. Anayezubaa ghafla kwa sekunde chache, macho yamekodoa, ukimwita haitiki, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, anaweza kuwa na aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Huyo anahitaji hospitali. Mtoto aliyefiwa au anayeishi na vurugu nyumbani ubongo wake uko zamu ya ulinzi, hauko zamu ya masomo.

Malaria nayo imo. Watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa kwa malaria ya ubongo Kampala, Uganda, walikuta kwamba miaka 2 baada ya kupona, takribani mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa kiakili, na eneo lililoathirika zaidi ni umakini. Kwetu ambako malaria ni ya kila nyumba, ukimuuliza mzazi "aliwahi kuumwa sana, akapoteza fahamu?" unaweza kupata jibu linaloeleza mengi.

Umri pia. Utafiti wa British Columbia, Kanada, uliochapishwa 2012, ulikuta wavulana waliozaliwa Desemba, ambao ndio wadogo kuliko wote darasani kwao, walikuwa na uwezekano wa 30 kwa mia zaidi wa kuambiwa wana ADHD kuliko waliozaliwa Januari. Ugonjwa haujui mwezi wa kuzaliwa. Walimu walikuwa wanaona utoto wanauita ugonjwa. Kwa hiyo kabla ya yote, angalia mtoto ana miaka mingapi ukilinganisha na wenzake.

Na lugha. Wenzangu tutakaofundisha kidato cha kwanza, hili ni letu. Mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, Januari anaingia sekondari, ghafla kila kitu Kiingereza. Ukimwona anapiga miayo na kuchora magari nyuma ya daftari, jiulize kwanza kama anaelewa unachosema. Hakuna ubongo unaoweza kushikilia umakini juu ya kelele.

Sasa darasani tufanye nini?

Tuanze na fimbo, maana ndiyo ya kwanza kukabidhiwa. Kwa kanuni za 2002 za Tanzania, viboko havizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanachuo wa TP hayumo. Lakini tuweke sheria pembeni. Adhabu inafaa kumfundisha mtu kuchagua vizuri pale ambapo anaweza kuchagua. Breki zilizochelewa kukua hazikui kwa kuchapwa. Utapata kimya cha dakika kumi, na ndani ya kimya hicho mtoto anawaza fimbo, hawazi kanuni ya Pythagoras.

Haya hapa yanayoendana na tuliyoyaona, na hayahitaji bajeti:

1. Mkalishe mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mtu aliyetulia. Unampunguzia trafiki wake kazi.

2. Toa agizo moja kwa wakati. "Fungueni ukurasa wa 40, mnakili mfano wa pili, halafu mfanye swali la kwanza hadi la tano" ni maagizo matatu. Andika ubaoni hatua kwa hatua.

3. Kata kazi ndefu vipande. Badala ya maswali kumi ukasahihishe kesho, mpe matatu, pita, weka tiki, mpe mengine matatu. Tiki ya papo hapo ni yale malipo ya karibu.

4. Mpe mwili kazi halali. Afute ubao, agawe madaftari, akachukue chaki ofisini. Atatembea tu, kwa hiyo bora atembee kwa faida.

5. Kubalianeni ishara ya siri. Ukigonga meza yake mara mbili, anajua amepotea njia. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeaibika.

6. Mfundishe mpango wa "nikiona hivi, nafanya hivi". Kwa mfano: "Nikitaka kuropoka jibu, nashika kalamu kwanza." Caterina Gawrilow na Peter Gollwitzer walionyesha mwaka 2008 kwamba mipango mifupi ya aina hii iliwasaidia watoto wenye ADHD kujizuia vizuri zaidi katika majaribio. Agizo la jumla la "jitahidi" halifanyi kazi hiyo.

7. Sifia upesi na kwa jina la kitendo: "Umesubiri zamu yako, vizuri." Sio "leo una akili".

Mwaka jana kwenye TP nilikuwa na kijana mmoja wa kidato cha kwanza wa aina hii, mkondo wa wanafunzi zaidi ya 70. Nilimpa kazi ya kugawa madaftari na nikawa nasahihisha kazi yake vipande vipande. Hakugeuka malaika. Aliendelea kuongea na jirani na kalamu alipoteza kila siku. Lakini alianza kumaliza mazoezi, na wiki ya nne akaja mwenyewe ofisini kuuliza swali. Mwalimu mmoja akasema, "Huyu? Kuuliza swali?" Shuleni wiki sita ni chache, ila zinatosha mtoto kujua kwamba kuna mtu mzima mmoja hamuoni kama kero.

Hali ikizidi, zungumza na mwalimu wa darasa na wa ushauri nasaha, kisha mzazi, ili mtoto aonwe hospitali. Mwambie mzazi ulichokiona, si jina la ugonjwa: "Mama, nimeona anaanza kazi vizuri lakini hamalizi, na vitu vinampotea kila siku. Nyumbani mnaonaje?" Habari za dawa ni za daktari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1999, uliohusisha watoto 579, ulionyesha kwamba kwa miezi 14 dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuu kuliko mbinu za tabia peke yake. Kwa hiyo tusiwatishe wazazi kwamba dawa ni sumu, wala tusiwaahidi kwamba kidonge kinamaliza kazi ya mwalimu.

Neno moja kwetu wenyewe. Kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea, DSM-5 inahitaji dalili 5 badala ya 6, lakini bado zinatakiwa ziwe zimeanza utotoni. Kushindwa kusoma wiki ya UE kwa sababu ulikesha na mechi sio ADHD. Lakini kama tangu shule ya msingi umeteseka hivi, unaanza asaimenti tano humalizi hata moja, na umeamini miaka yote kwamba wewe ni mvivu, nenda zahanati ya chuo uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi vya TP

1. Mwalimu anasema, "Akitaka anaweza, mbona michezo anaiweza?" Mjibu kwa kutumia habari za malipo ya karibu.

2. Taja mambo manne yasiyo ADHD yanayoweza kumfanya mwanafunzi wa kidato cha kwanza ashindwe kufuata somo, na ueleze utayatambuaje.

3. Chukua andalio lako moja la dakika 80. Onyesha ni wapi mwanafunzi anainuka, ni wapi anapata tiki, na ni wapi anasubiri zaidi ya dakika 15 bila kujua kama yuko sawa. Lirekebishe.

Swali la tatu lifanyeni kweli, na andalio mkononi. Ukilirekebisha kwa ajili ya wale wanne, utakuta na wale 76 waliobaki wameelewa zaidi.

Kila la heri kwenye TP.